Kumbukumbu ya Kichwani na Kumbukumbu ya Daftarini

Mwaka juzi, katika mkutano wa chama chetu, ambao hufanyika kila Jumapili ya kwanza ya mwezi mtaani Free Area hapa Nakuru, nilisimama mbele ya wenzangu 13 nikaapa kwamba nilikuwa nimelipa mchango wangu wa Machi. Mweka hazina wetu, mama wa makamo ambaye hajawahi kupoteza hata shilingi ya mtu, alisema kwa upole kwamba jina langu halikuwa na alama. Nikaeleza jinsi nilivyomkabidhi bahasha: alikuwa ameketi karibu na dirisha, amejifunga leso ya rangi ya machungwa, akaipokea kwa mkono wa kushoto kwa sababu ule wa kulia ulikuwa umeshika kikombe cha chai, kisha akaniomba radhi kwa kupokea kwa kushoto. Niliyasema haya bila kusitasita, kama mtu anayesoma maandishi yaliyo ukutani. Wanachama waliposikia habari ya leso na kikombe walianza kumtazama mama yule kwa jicho la shaka, nami sikuwazuia. Ili amani irudi, alitoa shilingi 3,000 kutoka mkobani mwake akalijazia jina langu.

Wiki saba baadaye nilivaa koti ambalo huwa nalitoa kwa ajili ya mazishi na harusi tu, nikatia mkono katika mfuko wa ndani, nikaikuta bahasha. Ilikuwa imefungwa, ina shilingi 3,000, na juu yake nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: Machi. Leso, dirisha, kikombe na mkono wa kushoto vilikuwa vya kweli vyote, ila vilikuwa vya Februari. Akili yangu ilikuwa imelichukua tukio zima la mwezi mmoja ikalibandika juu ya mwezi mwingine, na mshono wake sikuuona. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba sikuwa nimesema uongo. Mtu akisema uongo anaweza kutubu na kuacha, lakini nitaachaje jambo ambalo wakati nalifanya sijui kwamba nalifanya?

Swali hilo ndilo lililonifanya nianze kusoma tafiti za wanasaikolojia kuhusu kumbukumbu, na ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyapata huko pamoja na mambo machache niliyoyabadilisha nyumbani kwangu na katika chama. Kiswahili kinatupa neno moja kwa vitu viwili ambavyo havifanani hata kidogo: kumbukumbu iliyo kichwani, na kumbukumbu za mkutano ambazo katibu huziandika na kuzisoma mwezi unaofuata. Nadhani neno hilo limetupotosha kidogo, kwa kuwa wengi wetu tunaishi tukiamini kwamba ile ya kichwani nayo ni daftari, kwamba jambo likishaandikwa hukaa pale pale, na kosa pekee linaloweza kutokea ni wino kufifia.

Kufifia kwenyewe kulipimwa zamani. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alichapisha matokeo yake mwaka 1885, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachosahau hutuponyoka mapema, katika saa za mwanzo, kisha kasi hupungua. Hilo halimshangazi mtu yeyote aliyewahi kufanya mtihani. Aliyenishangaza mimi ni Frederic Bartlett wa Cambridge, ambaye mwaka 1932 alieleza jinsi alivyowasomesha Waingereza hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini na kuwataka waisimulie tena na tena baada ya muda. Hawakusahau tu, bali waliirekebisha. Mambo ya mizimu wasiyoyaelewa waliyaacha au waliyapa sababu za Kiingereza, mtumbwi ukawa mashua, na kuwinda sili, mnyama wa bahari za baridi, kukawa kuvua samaki. (Msimuliaji kutoka ufuo wa Dunga, Kisumu, bila shaka angeuacha mtumbwi ubaki mtumbwi, na badala yake angekwama kwa sili.) Bartlett alifikia uamuzi kwamba kukumbuka ni kujenga upya: akili huokota vipande vilivyobaki, kisha hujaza mapengo kwa yale ambayo kwa kawaida huwa. Kwa kawaida mimi hulipa mchango wangu, na kwa kawaida mweka hazina hukaa karibu na dirisha. Pengo la Machi lilijazwa kwa vifaa halali kabisa.

Mtu anaweza kusema kwamba mchango wa kila mwezi ni jambo dogo, na kwamba mambo makubwa hayasahauliki. Mimi pia nilisema hivyo. Kila Mkenya wa umri wangu anaweza kukueleza alikuwa wapi Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mwendo wa saa nne na nusu asubuhi, likaangusha jumba la Ufundi lililokuwa jirani na kuua watu 213. Mimi nilikuwa kijana wa kidato cha pili, shule zimefungwa, nami nilikuwa nimesimama na umati mbele ya duka la vifaa vya umeme karibu na stendi ya matatu mjini Nakuru, tukitazama moshi kwenye televisheni iliyowekwa dirishani. Nakumbuka jua, nakumbuka mzee mmoja aliyevua kofia. Nimelisimulia jambo hili kwa miaka zaidi ya 20.

Baada ya kisa cha bahasha nilisoma kuhusu utafiti wa Ulric Neisser na Nicole Harsch wa Chuo Kikuu cha Emory, kule Atlanta. Chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka tarehe 28 Januari 1986, asubuhi iliyofuata waliwapa wanafunzi 106 karatasi ya maswali: uliipata wapi habari hii, ulikuwa na nani, ulikuwa ukifanya nini. Miaka miwili na nusu hivi baadaye waliwapata 44 kati yao wakawauliza maswali yale yale. Wanafunzi 11 walikosea kila jambo kuu waliloulizwa, na ni watatu tu waliopata alama zote. Wengi walisema sasa kwamba waliiona habari ile kwenye televisheni, ilhali karatasi zao za kwanza zilisema waliambiwa na watu. Wala hawakuwa na wasiwasi, kwani kwa jumla walionyesha uhakika mkubwa, na uhakika huo haukutofautisha waliokuwa sahihi na waliopotea. Walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe walistaajabu, lakini kumbukumbu ya awali haikuwarudia.

Nilipofika kwenye neno televisheni niliweka kitabu chini. Shangazi yangu aliyeko Kisumu ni mtu asiyetupa karatasi, na miaka ile nilikuwa nikimwandikia barua kila likizo. Nilimpigia simu. Ilimchukua majuma mawili kuipata, katika sanduku la bati lenye vyeti vya ubatizo na risiti za karo, na nilipokwenda kumtembelea aliniwekea mezani bila neno. Barua ina tarehe ya 9 Agosti 1998. Nimeandika kwamba habari ya bomu niliisikia kwa redio ya jirani nikiwa Njoro, kwa nyanya, tukipura maharagwe, na kwamba nyanya alikataa tuendelee na kazi siku ile. Ninataja hata kwamba sijaenda mjini tangu shule zifungwe.

Niliisoma barua hiyo mara nne. Mwandiko ni wangu, hata kosa langu la siku zile la tahajia limo. Lakini maharagwe hayajarudi kichwani, na ule umati wa stendi bado ninauona waziwazi hivi leo, pamoja na mzee na kofia yake. Huenda picha zile niliziona siku au wiki kadhaa baadaye, huenda hata kwenye makala ya kumbukumbu miaka mingi mbele, kisha zikahamia Agosti 7 kwa sababu ndiko zilikostahili kuwa. Ushauri wangu wa kwanza unatoka hapa: ukitaka kujua jinsi akili yako inavyofanya kazi, usisome tu matokeo ya wengine. Tafuta barua, shajara au ujumbe wako wa zamani unaohusu siku unayoamini kwamba unaikumbuka vizuri, andika kwanza unachokikumbuka, kisha ulinganishe. Fanya jaribio hilo ukiwa huna ugomvi na mtu, kwa maana wakati wa ugomvi hutakuwa na moyo wa kulifanya.

Jambo la pili linahusu maswali, na hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu sisi wazazi na majirani hulifanya kosa hili kila siku tukidhani tunatafuta ukweli. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer wa Chuo Kikuu cha Washington waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu fupi za ajali za magari, kisha wakawauliza yalikuwa yakienda kwa kasi gani. Tofauti ilikuwa katika kitenzi tu. Walioulizwa kwa kitenzi kizito, mfano wa "yalipopondana", walikadiria kwa wastani maili 40.5 kwa saa, yaani kilomita 65 hivi, na walioulizwa kwa kitenzi chepesi, mfano wa "yalipogusana", walikadiria maili 31.8, yaani kilomita 51 hivi. Katika jaribio la pili, washiriki 150 waliitwa tena baada ya wiki moja na kuulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hapakuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika. Hata hivyo, kati ya 50 walioulizwa kwa kitenzi kizito, 16 walisema waliviona, wakati kati ya 50 walioulizwa kwa kitenzi cha kawaida cha kugongana ni saba tu waliosema hivyo.

Kiswahili kina utajiri mkubwa wa vitenzi vya namna hii: kugusana, kugongana, kubamizana, kupondana, kuvaana. Nenda mahali popote ambapo bodaboda imeangushwa kwenye barabara kuu ya kwenda Eldoret, usikilize umati. Kabla vumbi halijatulia, mtu ameshauliza, "Mmeona vile lile gari lilikuwa likipaa?" Baada ya swali hilo hakuna gari lililokuwa likienda polepole. Wanaofika dakika kumi baadaye husimulia pamoja na walioona, na jioni wote wana picha moja. Nikikuta ajali siku hizi, ninajaribu kuuliza "ilikuwaje?" na kunyamaza, na ikiwa niliona mwenyewe, ninatoka pembeni na kuandika kwenye simu niliyoyaona kabla ya kuzungumza na yeyote. Ni vigumu kuliko mtu anavyofikiri, kwa kuwa mdomo huwasha.

Kwa mtoto uzito wa jambo hili ni mkubwa zaidi. Mtoto akirudi nyumbani analia, ukimuuliza "Ni nani aliyekupiga?" umeshamwambia kwamba alipigwa na kwamba kuna mtu wa kutajwa, naye anachohitaji ni kuchagua jina tu. Muulize nini kimetokea, umsikilize mpaka mwisho, na usimuulize jambo lile lile mara tano kwa nyuso tano tofauti za hasira. Sisemi kwamba watoto wasiaminiwe, la hasha. Nasema kwamba ushahidi wao wa kwanza, uliotolewa kwa maneno yao, ni kitu cha thamani ambacho watu wazima ndio hukiharibu. Hata watu wazima wenyewe wanaweza kupandikizwa tukio zima: mwaka 1995 Loftus na Jacqueline Pickrell waliwapa washiriki 24 visa vya utotoni vilivyopatikana kwa jamaa zao, vitatu vya kweli na kimoja cha kubuni kwamba walipotea katika jumba la maduka wakaokolewa na bibi mmoja, na takriban robo yao wakaja kukikumbuka kile cha kubuni, angalau kwa sehemu.

Madhara ya haya yote yanaonekana zaidi mahakamani. Mwaka 1984, katika jimbo la North Carolina, mwanafunzi aitwaye Jennifer Thompson alibakwa, na katika mateso yale alijilazimisha kuukariri uso wa mbakaji ili aje amtambue. Alionyeshwa picha, akazitazama kwa dakika kadhaa, akamchagua Ronald Cotton. Baadaye alimchagua tena katika gwaride la utambulisho, na polisi wakamwambia kwamba ndiye yule yule aliyemchagua kwenye picha. Alipofika kizimbani hakuwa na chembe ya shaka. Cotton alikaa gerezani zaidi ya miaka kumi, mpaka mwaka 1995 vipimo vya DNA vilipoonyesha kwamba mhalifu alikuwa Bobby Poole. Thompson alikuwa amemwona Poole ana kwa ana mahakamani katika kesi ya pili, akasema hajawahi kumwona maishani. Mwanamke huyu hakuwa mzembe wala mwongo. Alikuwa amefanya kila ambalo mtu mwangalifu angefanya.

Kilichomwongezea uhakika kinajulikana vizuri sasa. Gary Wells na Amy Bradfield walionyesha mwaka 1998 kwamba shahidi aliyemtambua mtu asiye mhalifu, akiambiwa tu kwamba amemtambua mshukiwa sawasawa, husema baadaye kwamba alikuwa na uhakika tangu mwanzo, na hata kwamba aliuona uso vizuri zaidi. Sifa moja ndogo inarudi nyuma na kubadilisha yaliyokwisha kupita. Nilipoisoma hii nilikumbuka zile nyuso za wanachama walipokuwa wakitikisa kichwa kukubali nilipotaja leso, na jinsi sauti yangu ilivyozidi kukaza kila kichwa kilipotikisika. Kwa haki, lazima niongeze kwamba watafiti wa karibuni, Wells akiwa miongoni mwao, wanasisitiza kwamba uhakika wa mara ya kwanza kabisa, kabla shahidi hajaambiwa lolote, una uzito, na kusitasita kwa mara ya kwanza kuna uzito pia. Uhakika usio na thamani ni ule uliopikwa baadaye.

Kuna ushahidi wa kimwili pia, ingawa unatoka kwa panya na sipendi kuurukia mwanadamu kwa pupa. Mwaka 2000 Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux wa New York waliwafundisha panya kuogopa sauti fulani. Siku iliyofuata, au hata baada ya wiki mbili, waliwakumbusha sauti ile, kisha wakawadunga kwenye ubongo dawa inayozuia protini kutengenezwa, na hofu ikapotea. Waliodungwa bila kukumbushwa waliendelea kuogopa. Yaani kumbukumbu iliyokwisha kukaza, ikiamshwa, hulegea tena na kuhitaji kukazwa upya. Tangu nisome hayo, sijivunii tena simulizi niliyoirudia mara nyingi. Zamani nilidhani kurudia kunailinda.

Kwa hiyo tulibadilisha nini? Katika chama, anayetoa fedha taslimu hutia saini mwenyewe mbele ya mweka hazina, papo hapo, na bahasha hazipokelewi tena kabla ya daftari kufunguliwa. Wanaotuma kwa M-Pesa hawahitaji kuapa, ujumbe unajisemea. Nyumbani, mimi na mke wangu tukikopeshana au kuahidiana jambo la fedha, tunaandikiana ujumbe mfupi hata tukiwa tumekaa kiti kimoja, jambo ambalo mwanzoni alilicheka na baadaye limemsaidia yeye zaidi kuliko mimi. Na tukibishana kuhusu nani alisema nini, tumekubaliana kutumia maneno "ninavyokumbuka mimi" badala ya "wewe ulisema". Si adabu tu, bali ndiyo hali halisi ya mambo.

Mwanangu anayejiandaa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, amefaidika kwa njia nyingine, kwa sababu hisia ya kujua humdanganya mwanafunzi kama ilivyonidanganya mimi. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, katika utafiti wa mwaka 2006, waliwapa kundi moja maandishi wayasome mara nne, na kundi jingine wayasome mara moja kisha wajaribu mara tatu kuyaandika kutoka kichwani. Baada ya dakika tano wasomaji waliongoza, kwa asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja wasomaji walikumbuka asilimia 40, na waliojijaribu asilimia 61. Walipoulizwa kubashiri, ni wale wasomaji waliojiamini zaidi. Sasa kijana hufunga kitabu cha Historia, huandika anachokikumbuka kwenye karatasi tupu, kisha hufungua na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Hupenda njia hii kwa kiasi kile kile anachopenda kufua soksi, lakini haachi.

Ile shilingi 3,000 niliirudisha katika mkutano uliofuata, mbele ya wote, na bahasha nikaipitisha mkono kwa mkono ili kila mtu auone mwandiko wangu. Mama yule alinisamehe kabla sijamaliza kusema. Alichosema baadaye, tukinywa chai, ni kwamba fedha hazikumuumiza kama nilivyogonga meza mara mbili nikimwita mwongo. Mimi nakumbuka mikono yangu ilikuwa mifukoni muda wote, na neno hilo sikulitamka. Tulimwomba katibu afungue daftari la Machi. Kumbukumbu za siku ile zina mstari mmoja: kulikuwa na mjadala kuhusu mchango wa mwanachama mmoja.